Toa K, Weka Sh

Meza yangu iko nje ya ofisi ya leba,
mguu mmoja nimeuwekea kifuniko cha soda usiyumbe.
Hamsini kwa ukurasa. Mia ukitaka upigwe chapa.
Kiingereza kigumu, tutaelewana.

Rhoda Kasyoka alikuja Jumanne, manyunyu yakikatika,
barua kaikunja ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto.
"Nisomee," akasema. "Lakini usinipambie."

Nilisoma kimya kwanza,
kama daktari anavyoinua picha ya mfupa dirishani.
Kisha nikacheka, Mungu anisamehe,
maana barua nzima ilikuwa inaanguka.

"Mama Kyalo, hawa Waingereza
usingizi hauwachukui, wao huuangukia.
Hawapendi: huanguka mapenzini,
kama mtu aliyekosa kidato gizani.
Kodi ya nyumba ikiwashinda, wameanguka nyuma.
Mpango ukivunjika, umeanguka ukatokea upande wa pili.
Na asubuhi wote wazima, wanakoroga chai."

Hakucheka.
"Na barua?"

Barua inasema dai lenu limeanguka nje ya muda.
Maana yake mmechelewa.
Inasema stakabadhi zenu zimeanguka fupi.
Hazitoshi; wanataka fomu ya polisi, ile yenye muhuri.
Inasema jukumu linamwangukia kontrakta.
Si wao, ni yule.
Na kwamba wao na yule wameangukiana nje,
yaani wamekosana, hawasemezani, yaani

"Yaani hakuna mtu," akasema.

Ndiyo.

Akahesabu kwa vidole, polepole, kama anayehesabu chenji.
"Hayo ni manne. La Nzioki liko wapi?"

Nikaigeuza karatasi.
Nyuma palikuwa na duara la kikombe cha mtu.
Nikairudia mbele, mstari kwa mstari.
"Hapa," nikasema. "Wameliita tukio."

Mkokoteni wa miwa ukapita, tukausubiri upite.

"Ghorofa ya saba, Kileleshwa," akasema.
"Jukwaa la mbao, limefungwa kwa kamba ya katani.
Wiki mbili walimwambia msimamizi: kamba imechoka.
Mimi ndiye niliyekuwa nikiwauzia githeri pale getini.
Si mnasema aliye juu mngoje chini?
Mimi nilikuwa chini.
Nilimngoja."

Sikuwa na la kuandika. Nilipangusa mashine, ilhali ilikuwa safi.

"Sasa nyonga yake ina vyuma vinne.
Akiamka, haulizi mguu.
Anauliza kama mwiko wake ulipatikana."

Halafu: "Andika jibu."
"Kwa Kiingereza?"
"Kwa Kiswahili. Nao watafute mtu wa meza."

Nikaingiza karatasi, nikapiga:
Mume wangu, Nzioki Mutiso, alianguka

"Simama hapo."
Alikuwa ameinama begani pangu, ananukia moshi na sabuni ya kipande.
"Parachichi ndilo huanguka, likishaiva.
Yeye hakuwa ameiva."

Nikachukua wino mweupe, nikaufuta mkia wa neno,
nikaupulizia ukauke.
Nikatoa k, nikaweka sh,
nikamaliza kwa w, ile herufi inayomwacha mtu nyuma ya pazia
bila kumtaja, lakini miguu yake inaonekana:

aliangushwa.

Alilisoma mara mbili, midomo ikicheza.
Mtoto mgongoni akaanza kulia, naye, bila kugeuka,
akapigapiga kitambaa: sh, sh, sh.

Ukurasa mmoja ukatosha. Akafungua fundo la leso.
Nikamwandikia risiti, kwa kalamu ya mkono:
Sh. 50.
Akaitazama kuliko alivyoitazama barua.
"Kumbe zinaandikwa sawasawa," akasema,
akaikunja, akaitia ndani ya kadi ya kliniki,
akavuka barabara kabla gari halijasimama vizuri.